Fuata Mkono wa Mgonjwa: Namna ya Kusafisha Nyumba Iliyoingiwa na Mafua Makali

Mafua makali ya influenza yanapomshika mtu mmoja nyumbani, jambo la kwanza ambalo wengi wetu hufanya ni kumimina jiki kwenye ndoo na kupiga deki mpaka nyumba nzima inanukia klorini. Sakafu inatakata, lakini swichi ya taa ya chumba cha mgonjwa, rimoti ya televisheni, komeo la choo na kikombe kinachokaa juu ya kifuniko cha ndoo ya maji ya kunywa hubaki kama vilivyokuwa. Ukimwacha mtoto anayetambaa, hakuna anayepapasa sakafu kwa kiganja kisha akajifuta pua. Kitasa, kwa upande wake, hushikwa na kila mtu, na hushikwa mara nyingi kwa siku. Usafi wa kuzuia mafua haufuati ukubwa wa nyumba bali hufuata mkono wa mgonjwa, na kazi yote inayoelezwa hapa chini imepangwa kwa kuufuata mkono huo.

Virusi vya influenza huenea zaidi kwa matone ya kikohozi na chafya na kwa mazungumzo ya karibu, na njia ya vitu vilivyoguswa huja nyuma yake. Ninalisema mapema ili mtu asije akadhani kwamba akishapitisha jiki kila kona anaweza kulala kitanda kimoja na mgonjwa huku madirisha yamefungwa. Hata hivyo, njia hiyo ya pili ipo kweli na inazuilika kwa gharama ndogo. Kwenye vitu vigumu visivyofyonza maji, kama plastiki na chuma kisichoshika kutu, virusi hivi huweza kuishi kwa saa 24 hadi 48. Kwenye nguo, karatasi na tishu huishi kwa kadiri ya saa 8 hadi 12. Na kwenye mikono huvumilia dakika chache tu, ambazo zinatosha kabisa kwa mtu anayejigusa uso bila kujijua. Isitoshe, mgonjwa huanza kuambukiza wengine takriban siku moja kabla ya kuona dalili yoyote, na huendelea kwa siku 5 hadi 7 baada ya kuanza kuugua, watoto wadogo wakizidi hapo. Kwa sababu hiyo, usafi wa siku ya kwanza usiishie chumbani alikolala, kwa kuwa jana yake alikuwa sebuleni na jikoni akiwa mzima machoni pa kila mtu.

Sabuni kwanza, dawa baadaye

Kirusi cha influenza kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huupasua utando huo kwa namna ileile inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Kwa hiyo mwenye kipande cha sabuni ya kufulia, maji na kitambaa safi tayari ana sehemu kubwa ya anachokihitaji. Jiki na spiriti huja kukamilisha kazi, hasa pale penye makamasi, makohozi au matapishi, na pale ambapo nyumbani kuna mtu ambaye mafua yanaweza kumzidia, kama vile mjamzito, mzee, mtoto aliye chini ya miaka 5 au mwenye pumu.

Utaratibu huu haupinduliwi. Klorini iliyomo kwenye jiki hupoteza nguvu inapokutana na uchafu, kwa hiyo anayeipaka juu ya meza yenye mafuta na vumbi anaua uchafu na kuviacha virusi vilivyo chini yake. Makamasi nayo huvilinda virusi: utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu noti za fedha ulionyesha kwamba virusi vya influenza vilivyochanganyika na makamasi viliweza kudumu kwenye noti mpaka siku 17. Mahali penye uchafu unaoonekana, futa kwanza kwa tishu au karatasi na uitupe, osha kwa maji na sabuni, suuza, halafu ndipo upake dawa.

Kupima jiki

Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa pande zote mbili. Wapo wanaotia kifuniko kimoja kwenye ndoo nzima na kuridhika na harufu, na wapo wanaomimina robo ya chupa mpaka macho yanawasha. Kipimo kinachofaa kwa vitu vya nyumbani ni klorini ya asilimia 0.1. Soma kwanza lebo ya chupa ili ujue nguvu yake, kwa sababu chupa hazifanani. Kwa jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita 30 kwa lita moja ya maji zinatosha, yaani vijiko viwili vikubwa vya mezani vyenye ujazo wa mililita 15 kila kimoja. Kwa yenye asilimia 5, mililita 20 zinatosha. Ukikutana na chupa yenye nguvu nyingine, gawa asilimia iliyoandikwa kwa 0.1 kisha utoe moja, nawe utapata ni sehemu ngapi za maji za kuchanganya na sehemu moja ya jiki: 3.5 gawa kwa 0.1 ni 35, toa moja ni 34.

Tumia maji ya baridi, kwani maji ya moto huivunja klorini kabla haijafanya kazi. Changanya kiasi cha siku moja tu, maana mchanganyiko uliolala hupungua nguvu. Chagua mahali penye hewa, vaa glovu kama zipo, na usivae nguo unayoipenda. Ukishapaka, acha pawe na unyevunyevu kwa angalau dakika moja bila kupakausha; mimi huacha dakika tano, hasa kwenye vitasa vya zamani vilivyochubuka rangi. Kupaka na kukausha hapohapo ni kupoteza dawa. Baada ya muda huo, vitu vya chuma na sehemu zinazogusana na chakula vifutwe kwa maji safi, kwa sababu klorini hula chuma na kuacha madoa.

Jiki isichanganywe na kitu kingine chochote isipokuwa maji. Ikikutana na dawa ya choo yenye tindikali, au na siki, au na ndimu, hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu; ikikutana na amonia, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za vioo na hata kwenye mkojo uliokaa, hutoa gesi nyingine ya hatari. Kwa hiyo choo husuuzwa kwa maji mengi kabla ya kupakwa jiki, na anayetaka kutumia dawa ya tindikali aitumie siku nyingine. Pia usiigawe jiki kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa, hata kwa siku moja, kwa sababu mtoto na mgeni hawajui kilichomo. Ikitokea mtu ameinywa, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na zaidi.

Mwenye spiriti ya asilimia 70 kutoka duka la dawa ana mbadala mzuri kwa vitu vidogo visivyopenda maji. Asilimia 70 hufanya kazi vizuri kuliko spiriti iliyo karibu kuwa tupu, kwa sababu maji kidogo yanahitajika ili iingie ndani ya kirusi na isiwahi kukauka. Isitumike karibu na jiko la mkaa, la gesi au la mafuta ya taa, wala kwenye swichi iliyo na moto wa umeme ukiinyunyiza moja kwa moja. Dawa za maji za aina ya Dettol nazo huua virusi vyenye utando wa mafuta, ila kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Tone moja linaloyafanya maji yawe meupe na kunukia halitoshi.

Kumfuata mgonjwa

Kabla ya kushika kitambaa, kaa kitako dakika chache umfuate mgonjwa kwa mawazo tangu anapofumbua macho. Anaanza na simu iliyo chini ya mto, kisha bilauri iliyo juu ya stuli. Anainua chandarua, na ukitazama vizuri utaona kwamba hukishika mahali palepale kila siku, kwenye pindo la upande wa kushukia, ambapo kitambaa kimekwisha kuwa na weusi wa mikono. Anavuta pazia, anawasha taa, anashika kitasa, anakwenda chooni, anafunga komeo kwa ndani, anachota maji kwa kopo, anafungua bomba, anashika sabuni, anajifuta kwa taulo iliyotundikwa nyuma ya mlango, na kabla ya kurudi kitandani amepitia jikoni kufungua friji au kuteka maji ya kunywa. Andika mahali hapo ukipenda. Kila nyumba ina orodha yake, na itakushangaza jinsi ilivyo fupi ikilinganishwa na kazi ya kupiga deki vyumba vyote.

Katika orodha hiyo, tanguliza vile vinavyoshikwa na mtu mwingine muda mfupi baada ya mgonjwa. Komeo la choo kwa upande wa ndani ni la kwanza kabisa kwa maoni yangu, kwa sababu hushikwa kabla mtu hajanawa, na wasafishaji wengi hufuta kitasa cha nje kinachoonekana na kulisahau. Bomba nalo lina tabia yake: hufunguliwa kwa mkono mchafu na kufungwa kwa mkono uliokwisha kunawa. Dawa yake ni rahisi, kwamba unaponawa uyapake povu masikio ya bomba hilo pia na kuyasuuza pamoja na mikono kabla ya kufunga. Kikombe cha kuchotea maji ya kunywa kiondolewe kabisa kwa muda wa ugonjwa. Ndoo yenye koki ni bora, na kama haipo, mtu mmoja mzima awe ndiye anayewamiminia wengine kwenye vikombe vyao.

Rimoti inastahili aya yake. Nyingi majumbani mwetu bado zimo ndani ya nailoni ya dukani, iliyokwisha kuwa ya kahawia na yenye mikunjo inayohifadhi jasho la familia nzima, au zimezungushiwa solotepu mahali ambapo kifuniko cha betri kilipotea. Vua nailoni hiyo uitupe, toa betri, bandua solotepu, kisha futa rimoti kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo na kukamuliwa. Katikati ya vitufe, zungushia ncha ya njiti ya kiberiti pamba yenye spiriti upitishe taratibu. Iache ikauke ndipo urudishe betri. Kama ni lazima ivikwe nailoni tena, iwe mpya, na ibadilishwe mgonjwa akishapona.

Wanaoishi nyumba za kupanga wana kazi ya ziada, kwa sababu choo, bomba la uani, mlango mkubwa na hata kidude cha kubonyezea namba za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, huwa vya wapangaji wote. Hapo usafi wa chumba kimoja hausaidii sana bila makubaliano. Njia iliyo nyepesi ni kuweka ndoo yenye koki na sabuni nje ya choo, ili kila atokaye anawe kabla ya kushika kitu kingine, na watu wa chumba chenye mgonjwa wachukue jukumu la kufuta komeo na kopo kila baada ya yeye kutoka. Ni vizuri kuwaambia majirani waziwazi kwamba ndani kuna mafua makali. Mafua si aibu, na jirani mwenye mtoto mchanga atakushukuru.

Kitambaa cha kufutia nacho kinaweza kuwa msafirishaji wa virusi. Kikunje mara mbili kipate umbo la robo, nawe utakuwa na pande nane za kutumia. Kila mahali papate upande wake, usirudi na upande uliokwisha kutumika, na usikichovye tena kwenye beseni la dawa kikiwa kichafu. Cha chooni kisiingie jikoni. Mwisho wa kazi vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, si kuachwa vimeviringishwa ukingoni mwa sinki.

Simu, hela, vitabu na midoli

Simu izimwe na kuchomolewa kwenye chaji, kasha lake livuliwe na kuoshwa kwa sabuni, kisha kioo na mgongo vifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kisichodondosha. Jiki isiguse simu. Mgonjwa asiazime simu ya mwingine, na asiwape watoto yake wacheze michezo, jambo ambalo wazazi wanaougua hulifanya ili wapate utulivu kidogo. Miwani, funguo na vitambulisho vya plastiki vinaoshwa kwa maji na sabuni. Noti hazioshwi, anayezipokea kutoka kwa mgonjwa na anawe.

Kwa vitu visivyovumilia maji wala dawa, muda wenyewe ni dawa. Kitabu, Msahafu, Biblia, daftari la mtoto au mkoba wa ngozi ambao haukuchafuliwa na makamasi ukiwekwa kando siku tatu bila kuguswa, virusi vilivyokuwapo vitakuwa vimekufa vyenyewe. Tasbihi na rozari za plastiki au mawe zioshwe kwa sabuni. Midoli ya plastiki ioshwe kila siku mtoto anapougua, kwa sababu huiingiza mdomoni. Ile ya manyoya ifuliwe au ianikwe juani, na iliyobaki iwekwe mbali, mtoto achezee miwili au mitatu inayooshwa kwa urahisi.

Nguo, matandiko na vyombo

Mashuka ya mgonjwa yasikung'utwe ndani. Yakunje kwa kuelekea ndani, yachukue ukiwa umeyatenga na kifua chako, yaweke moja kwa moja kwenye beseni, kisha unawe. Hakuna ulazima wa kuyafua peke yake wala kuyaloweka kwenye jiki, ambayo itaharibu rangi za kanga na vitenge bure. Sabuni ya unga, maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia, na kukauka kabisa vinatosha. Foronya na taulo ndizo zinazobadilishwa mara kwa mara, kwa kuwa ndizo zinazogusa uso. Kila mtu awe na taulo yake, nayo isitundikwe juu ya ya mwingine. Leso ya kupengea inayotunzwa mfukoni siku nzima na kutolewa mara ishirini ni mbaya kuliko tishu inayotupwa. Asiye na tishu akate vitambaa vikuukuu, kila kimoja kitumike na kuingia kwenye chombo chenye sabuni.

Godoro, mito, mkeka na msala vitolewe juani mchana. Miale ya jua huua virusi, lakini inaua kinachopigwa na jua tu, kwa hiyo ni lazima vigeuzwe upande wa pili. Sahani na vijiko vya mgonjwa havihitaji kutengwa maisha, vinahitaji kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kutumiwa na mwingine. Kinachotakiwa kusitishwa ni kula sinia moja, jambo gumu kwa familia nyingi, hasa pale mgeni anapokuja kumjulia hali mgonjwa na kukaribishwa chakula. Mgonjwa apakuliwe chake.

Yasiyosaidia

Kufukiza udi na ubani kunapendeza, na kwa watu wa pwani ni sehemu ya nyumba kuwa nyumba, ila moshi huo hauwezi kutegemewa kuua virusi kwenye kitasa, nao unamwongezea kikohozi mtu ambaye kifua chake kimekwisha kuchokozwa. Nyungu ya majani hulegeza pua ya anayejifukiza lakini haisafishi chumba, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto ni ajali inayosubiri wakati. Pampu za kunyunyizia dawa zilizoenea wakati wa UVIKO-19 hazina faida nyumbani: katika mwongozo wa Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa ipakwe kwa kitambaa badala ya kunyunyizwa ndani, na kwamba binadamu asinyunyiziwe dawa kwa hali yoyote. Badala ya hayo yote, fungua madirisha yanayokabiliana ili hewa ipite, hata wakati wa baridi ya Juni na Julai kule Njombe au Limuru, angalau mara kadhaa kwa siku, mgonjwa akiwa amefunikwa vizuri.

Mara ngapi, na mpaka lini

Vitu vya orodha yako vifutwe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na komeo la choo na bomba kila mgonjwa anapovitumia ikiwezekana. Sakafu ipigwe deki kama kawaida. Kazi hii ifanywe na mtu mmoja, mzima na asiye katika kundi la hatari, akiwa na barakoa anapoingia chumbani mwa mgonjwa, na kila anapomaliza anawe kwa sabuni kwa sekunde 20, glovu ziwepo zisiwepo. Tishu zilizotumika ziingie kwenye mfuko ulio karibu na kitanda, ufungwe mdomo kabla ya kutolewa, na asiwepo wa kuushindilia kwa mkono ili upate nafasi.

Endelea hivyo mpaka homa iwe imeondoka kwa saa 24 bila mgonjwa kutumia dawa ya kuishusha na siku 5 hadi 7 za ugonjwa ziwe zimepita. Hapo fanya usafi wa mwisho: matandiko yote, chandarua, pazia la upande aliokuwa akilishika, stuli, orodha nzima kuanzia kwenye simu. Mswaki wake hauna haja ya kutupwa, kwa kuwa hatajiambukiza upya virusi vilevile. Usuuzwe vizuri na ukae katika kikombe chake, manyoya yake yasigusane na ya miswaki mingine. Jiki iliyochanganywa ikibaki imwagwe kwenye mtaro wenye maji mengi, mbali na choo kilichotiwa dawa ya tindikali, na chupa yake irudi kabatini juu, gizani na pasipo joto, ikiwa na kifuniko chake na lebo inayosomeka.